Waya za spika nyumbani: amua hivi kabla hujakata hata mita moja

Mwaka jana nilishuka Tanga kumsalimia mjomba wangu, pale Chumbageni, nikakuta amejinunulia amplifaya ya mtumba na spika mbili za mbao zile ndefu zinazomfika mtu kiunoni. Vitu vizuri kabisa. Ila akiwasha rumba yake unasikia gitaa na mwimbaji tu, besi hamna, yaani spika yenye wufa (ile spika kubwa ya besi) ya inchi 8 inalia kama redio ya mkononi. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, hizi spika zimechoka, kesho nazirudisha kwa jamaa." Nikamwambia subiri kwanza mjomba, nikainama nyuma ya kabati la TV na tochi ya simu. Nikakuta spika zote mbili zimebanwa ubavuni mwa kabati, moja huku moja huku, hazijaachana hata mita moja na nusu, kwa sababu waya aliopewa ulikuwa mfupi, halafu mwembamba kama wa chaja, na juu ya hapo spika ya kushoto waya zake zilikuwa zimegeuzwa, mwekundu umeingia kwenye tundu jeusi na mweusi kwenye jekundu. Tukazima, nikageuza waya za spika ile moja tu, tukawasha wimbo ule ule. Mjomba alisimama kwenye kochi. Besi ilikuja mpaka glasi za kabatini zikaanza kugongana, na hakuwa ametoa hata shilingi.

Sasa naona watu wengi wanaumia hapa, mtu anahangaika na bei ya spika Kariakoo siku nzima, anarudi na mzigo mzuri, akifika kwenye waya anachukua wowote uliobaki kwenye droo. Na mwingine anaenda upande wa pili kabisa, anauziwa waya wa bei ya kutisha kwa sababu kaambiwa ndio unaotoa sauti safi. Wote wawili wanapoteza. Mambo ya kuamua ni machache na yana mpangilio wake, la kwanza likikosewa yale mengine hayakusaidii sana, kwa hiyo nitayapeleka vile ninavyofanya mwenyewe nikiitwa nyumbani kwa mtu.

Spika ikae wapi kwanza, waya baadaye

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha waya uamue spika ikae wapi. Inatakiwa iwe kinyume. Kabla hujanunua waya, zungusha spika zako sebuleni, zisogeze, zirudishe, mpaka upate mahali pake, ndipo upime waya wa kufika hapo.

Fikiria mafiga. Spika ya kushoto figa moja, ya kulia la pili, na wewe kwenye kochi ni figa la tatu. Umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali wa kutoka kila spika mpaka kichwani kwako, spika zikiachana mita 2 basi na wewe kaa mita 2 au 2 na nusu hivi. Zikikaribiana sana muziki wote unatoka kwenye kitobo kimoja, zikiachana mno katikati panabaki shimo, mwimbaji humjui yuko wapi. Twita, kile kispika kidogo cha juu, kiwe usawa wa sikio lako ukiwa umekaa, ambayo kwa kochi la kawaida ni kama mita moja kutoka sakafuni. Kama spika ni fupi tafuta stuli nzito, siyo meza ya kioo, meza ya kioo inatetema.

Ukutani zisigande. Acha angalau sentimita 30 nyuma, hasa kama tundu la hewa la spika liko mgongoni. Na kona ziogope, spika ikiingia konani besi inavimba na kuwa nzito halafu chafu, unasikia mvumo badala ya noti, wengine wanaipenda wiki ya kwanza baadaye inawachosha. Nyumba zetu nyingi ni tofali, plasta na marumaru chini, sauti inagonga na kurudi kila upande, kwa hiyo zulia moja mbele ya spika na pazia zito dirishani linafanya kazi ambayo hakuna waya duniani utaifanya. Hilo nalisema kwa uhakika wote.

Baada ya hapo chukua kamba au uzi mrefu, upitishe njia ile ile waya utakayopita, pembeni mwa ukuta, kuzunguka fremu ya mlango, nyuma ya kabati, mpaka kwenye spika. Usipime kwa macho na usipime kwa mstari ulionyooka, ndivyo watu wanavyopungukiwa. Ongeza nusu mita kila upande ili siku ya kufagia uweze kuvuta kabati bila kung'oa kitu. Kwa mjomba upande wa kushoto ulitaka mita 3 na wa kulia mita 7 kwa sababu ya mlango wa jikoni, na swali alilouliza ndilo wanalouliza wote: je lazima waya zilingane urefu? Hapana. Umeme kwenye waya unakimbia kiasi kwamba tofauti ya mita 4 ni kama sehemu 20 za bilioni moja ya sekunde, sikio la mtu halina habari na hilo. Kinachotakiwa ni ule mrefu uwe mnene wa kutosha, basi.

Omu, namba ndogo inayoamua kila kitu

Geuza spika uone kibandiko cha nyuma. Kuna wati, hizo ziache kwanza, tafuta namba yenye alama ya omu, mara nyingi ni 8, 6 au 4. Hiyo ni kiasi ambacho spika inaupinga umeme. Omu zikiwa chache spika inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye amplifaya, kwa hiyo spika ya omu 4 ni mzigo mzito kuliko ya omu 8, na watu wengi wanaelewa kinyume.

Kibandiko kimefutika? Chukua mita ya fundi, iweke kwenye omu, gusa terminali mbili za spika, zile sehemu za kufungia waya, ikiwa haijaunganishwa popote. Mita haitakupa 8 kamili, spika ya omu 8 kwa kawaida inasoma kama 6 hivi, na ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Usishtuke ukadhani ni mbovu, mita inapima waya wa koili tu wakati ile 8 ya kibandiko inahesabiwa muziki ukiwa unapita. Isiposoma kitu kabisa ndipo kuna shida.

Halafu angalia nyuma ya amplifaya, nayo imeandikwa. Zenye matundu ya jozi mbili, A na B, utakuta maandishi ya namna hii: ukitumia A peke yake au B peke yake spika ziwe omu 4 mpaka 16, ukitumia A na B kwa pamoja ziwe omu 8 mpaka 16. Namba zinatofautiana kati ya mashine na mashine kwa hiyo soma ya kwako. Kile kimstari kidogo cha maandishi ndicho kinachotofautisha amplifaya itakayokaa miaka na ile itakayonuka moshi kwenye sherehe ya kwanza.

Waya gani na unene gani

Hapa tuko na bahati kwa sababu namba za waya wa umeme wa nyumba karibu kila mtu anazijua, 1.5 wa taa na 2.5 wa soketi. Hizo ni milimita za mraba za shaba, na kwa spika lugha ni hiyo hiyo.

Waya nao una omu zake, ndogo lakini zipo. Waya laini wa shaba wa 1.5 una kama omu 0.013 kwa kila mita moja, wa 2.5 una kama 0.008, na ule mwembamba wa 0.75 una 0.026. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 10 hesabu mita 20. Ukitumia wa 0.75 kwa mita 10 unapata omu 0.52, wa 1.5 unapata 0.27, wa 2.5 unapata 0.16. Kanuni ambayo mafundi wengi wa sauti wanaifuata ni kwamba omu za waya zisizidi asilimia 5 ya omu za spika, yaani spika ya omu 8 waya usizidi 0.4, na spika ya omu 4 usizidi 0.2.

Ukipiga hesabu hiyo kwa spika ya omu 8, waya wa 0.75 unafika mita 7 na ushee, wa 1.5 unafika mita 15, wa 2.5 unafika mita 25. Kwa spika ya omu 4 kata nusu: 0.75 mita 3 na ushee tu, 1.5 mita 7, 2.5 mita 12. Mimi kwa sebule ya kawaida nachukua 1.5 kama spika ni omu 8, na 2.5 kama ni omu 4 au kama waya unatoka nje kwenda barazani. Ndio uamuzi wote huo. Kwa mjomba tulichukua 2.5 pande zote mbili kwa sababu spika zake ni omu 4.

Mtu atauliza waya mwembamba unaharibu nini hasa, si sauti itapungua kidogo naongeza voliyumu? Kupungua ni kweli kidogo, waya wa nusu omu kwenye spika ya omu 4 unakula kama desibeli 1 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Lakini omu za spika hazitulii sehemu moja, zinapanda na kushuka kufuatana na noti, spika iliyoandikwa 8 kuna noti inashuka mpaka 5 au 6 na kuna noti za besi inapanda mpaka 20 na zaidi. Waya ukiwa na omu nyingi unazipunguza zaidi zile noti ambazo omu za spika zimeshuka kuliko zile ambazo zimepanda, kwa hiyo sura ya muziki inabadilika, siyo voliyumu peke yake. Na amplifaya inapoteza ile nguvu ya kuishika wufa isimame noti inapokwisha, besi inakuwa inaburuza.

Zaidi ya unene huo usitoe hela. Waya wa urefu wa sebuleni kitu chake kikubwa ni omu, ukishazishusha kutosha waya wa bei mara kumi hauna kitu cha kukuongezea, chukua hiyo tofauti nunua zulia.

Ila kuna ulaghai mmoja lazima niutaje, waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Unauzwa umependeza, ngozi inayoonyesha ndani, nyuzi zinang'aa, umeandikwa 2.5, lakini alumini inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, omu zake ni kama mara moja na nusu ya shaba yenyewe. Kuujua ni rahisi, omba kipande, chukua uzi mmoja ukwangue kwa wembe: ukiona weupe ndani ni alumini, shaba ni nyekundu mpaka katikati. Na ukishika roli mkononi utaona ni jepesi mno kwa ukubwa wake. Siyo kwamba haufanyi kazi, unafanya, ila panda ngazi moja ya unene, na usilipe bei ya shaba.

Waya wa umeme wa nyumba wenyewe unafaa? Ule laini wa nyuzi nyingi ndiyo, vizuri tu, wa kahawia na bluu, amua kahawia ni chanya nyumba nzima na usibadilishe mawazo katikati. Ule mgumu wa uzi mmoja wa kwenye ukuta nao unapitisha sauti sawa ila ni msumbufu, unang'oa terminali za spika ukisogeza.

Kamwe, narudia kamwe, usiweke plagi ya ukutani kwenye waya wa spika ati ndiyo iliyopo. Nimeona hii kwenye kumbi na nimeona nyumbani kwenye watoto. Siku moja mtu ataichomeka kwenye soketi, volti 230 zitaenda kwenye koili ya spika, na kama kuna mkono kwenye terminali siongelei spika tena.

Chanya kwa chanya

Kila spika ina terminali nyekundu, ndiyo chanya, na nyeusi, ndiyo hasi, amplifaya vivyo hivyo, nyekundu iende nyekundu na nyeusi iende nyeusi, kushoto na kulia. Inaonekana jambo dogo, lakini ndilo lililommaliza mjomba. Spika moja ikigeuzwa, wufa ya kushoto inasukuma hewa wakati ya kulia inavuta, zinafutana, besi inakufa na mwimbaji anasambaa chumba kizima. Hakuna kitakachoungua, hakuna taa itakayowaka, ndiyo maana mtu anaweza kuishi nayo miaka anailaumu spika.

Waya wa rangi mbili haukusumbui. Ule wa rangi moja, mweupe wote au mweusi wote, uangalie kwa tochi: upande mmoja utakuwa na mstari uliochapwa, au kijimfereji unachokisikia kwa ukucha, au maandishi. Upande wenye alama ufanye chanya mwanzo mpaka mwisho.

Ukiwa na wasiwasi kuna majaribio mawili. La kwanza la betri. Chomoa waya upande wa amplifaya, chukua betri moja ya rimoti ya volti 1.5, gusa ncha ya chanya ya waya kwenye chanya ya betri na hasi kwenye hasi, gusa na uachie, sekunde moja haifiki, huku mwenzako anaangalia wufa. Wufa iruke kuja mbele. Fanya na ya pili, nayo iruke mbele. Kuna spika za zamani, JBL za miaka ile kwa mfano, ambazo zilitengenezwa zirudi nyuma kwa chanya, hiyo siyo shida mradi zote mbili zinafanya kitu kimoja. Twita haitajibu jaribio hili, kuna kapasita inazuia, na kama fundi kiwandani kaigeuza twita ndani ya kabati alikuwa na sababu zake, usifungue kurekebisha.

La pili halihitaji kitu. Sogeza spika mbili zitazamane karibu karibu, weka redio mtu anasoma taarifa ya habari au wimbo wenye besi, sikiliza. Zima amplifaya, geuza waya za spika moja tu, washa tena. Ule mpangilio wenye besi nyingi ndio sahihi.

Ukivua ngozi ya waya vua sentimita moja tu, sokota nyuzi ziwe kamba moja ngumu, ingiza zote tunduni pasibaki unywele nje. Unywele mmoja ukigusa terminali ya pili ni shoti, amplifaya nzuri itajizima yenyewe, nyingine itaunguza transista. Na kila unapogusa waya amplifaya iwe imezimwa, siyo voliyumu imeshushwa, imezimwa. Banana plagi, vile vichwa vya chuma vinavyofungwa kwenye ncha ya waya na kuchomekwa tunduni, zinasaidia kwa mtu anayehamisha vitu mara kwa mara, hazibadilishi sauti, ila zinaondoa hatari ya hizo nyuzi.

Spika nne kwenye amplifaya moja

Hapa ndipo amplifaya nyingi zinapofia. Mtu ana spika mbili sebuleni anataka mbili barazani wageni wasikie, au ana spika za zamani hataki zikae bure, anazichomeka zote kwenye tundu moja.

Spika mbili ukiziunganisha pembeni pembeni, yaani chanya zote mbili pamoja na hasi zote mbili pamoja, omu zinagawanyika: mbili za 8 zinakuwa 4, mbili za 4 zinakuwa 2, moja ya 8 na moja ya 4 zinakuwa kama 2.7. Amplifaya nyingi za nyumbani 4 ni mwisho wao, 2 hawaiwezi. Itapiga nusu saa, itachemka, itazima au itaungua. Vibonye vya A na B kwenye amplifaya nyingi vinafanya hivi hivi ndani, ndiyo maana nyuma wameandika A na B pamoja zisipungue omu 8.

Ukiziunganisha kwa mstari, chanya ya amplifaya iende chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika hiyo iende chanya ya spika ya pili, na hasi ya pili irudi kwenye amplifaya, omu zinajumlishwa: mbili za 4 ni 8, mbili za 8 ni 16. Amplifaya iko salama kabisa, ila kila spika inapata kidogo, mbili zinazofanana kila moja inapata kama robo ya ambayo ingepata peke yake. Na sharti ni ziwe zinafanana, toleo moja. Spika mbili tofauti kwenye mstari zinasumbuana, omu za hii zinapopanda ile inanyimwa, sauti ya zote mbili inapotoka. Kwa muziki wa barazani watu wanaongea unaweza kuvumilia, kwa kusikiliza kwa makini sikushauri.

Kwa hiyo uamuzi wangu uko hivi: spika zote omu 8 na amplifaya inakubali 4, unganisha pembeni pembeni au tumia A na B, usiwe mkali na voliyumu, gusa mfuniko wa amplifaya baada ya nusu saa, ukishindwa kuacha kiganja punguza. Spika ni omu 4, tumia A usiku wa sebuleni na B ukiwa barazani, siyo pamoja. Ukitaka kweli zote nne kwa pamoja na sauti iwe nzuri, tafuta amplifaya ndogo ya pili. Spika nne za omu 8 zinazofanana kwenye tundu moja zinaweza kufungwa mbili mbili kwa mstari halafu mistari miwili pembeni pembeni, unarudi kwenye omu 8, mafundi wa kumbi wanaitumia sana, nyumbani sijawahi kuihitaji.

Onyo la amplifaya ndogo za kisasa, zile za boksi dogo la bati zenye bluetooth, nyingi zina chipu kama TPA3116. Humo hasi ya kushoto na hasi ya kulia siyo kitu kimoja, na wala siyo ardhi, kila waya una umeme wa muziki. Mtu aliyezoea mashine za zamani anaunganisha hasi zote mbili kwenye waya mmoja ili waya tatu tu ziende barazani, na chipu inaweza kufa siku hiyo hiyo. Kila spika ipewe waya zake mbili mpaka mwisho.

Spika zenye matundu manne nyuma

Ukikuta spika moja ina terminali nne, mbili juu za twita na mbili chini za wufa, kati yake kuna vibati vya shaba vinavyoziunganisha. Kama spika ni mtumba kagua vibati hivyo vipo, kwa sababu vikipotea ukiunganisha chini tu twita haitalia, na ukiunganisha juu tu hupati besi. Nimeshaletewa jozi ya spika mwenyewe anasema twita zimekufa zote mbili, nikakata vipande vinne vya waya wa 2.5, kila kimoja urefu wa kidole, nikaunganisha nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, zikalia.

Kuna wanaotoa vibati na kupeleka waya mbili tofauti kutoka amplifaya moja, moja juu moja chini. Haliharibu kitu, lakini unachopata ni karibu sawa na kutumia waya mmoja mnene zaidi, kwa hiyo kama bado hujanunua nunua 2.5 jozi moja uache vibati vyako. Tofauti ni kama una amplifaya mbili kabisa, moja ya besi na moja ya juu, hapo vibati lazima vitoke kabla hujawasha, visipotoka amplifaya zinasukumiana umeme na moja inaweza kufa.

Kwa tunaokaa pwani

Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, hewa ina chumvi na unyevu, shaba inageuka kijani. Fungua waya uliokaa miaka miwili uone ncha zake. Ule ukijani haupitishi umeme vizuri, spika inaanza kukwaruza au kukatika katika ukisogeza waya. Mara moja kwa mwaka zima, toa waya, kata ile sentimita moja iliyooza, vua mpya, rudisha, ndiyo maana ile nusu mita ya ziada. Ukiwa na mkono mzuri wa kuchomelea, paka risasi nyepesi kwenye ncha au funga banana plagi ya kuchomelea, zinakaa zaidi. Waya wa kwenda barazani upitishe kwenye paipu la umeme, jua linaipasua ngozi yake na panya wanaipenda, na panya akitafuna sehemu moja ni shoti ambayo utaitafuta siku mbili.

Ukisikia mvumo wa umeme kwenye spika usikimbilie kubadilisha waya wa spika. Mara nyingi unaingia kwenye kile kiwaya chembamba cha kutoka simu au TV kwenda kwenye amplifaya. Kichomoe, mvumo ukiisha umempata mwizi.

Mwisho kaa kwenye kochi lako, zima feni, weka redio mtu mmoja anaongea. Sauti yake inatakiwa isimame katikati kabisa, hewani, pale ambapo hakuna spika. Ikiegemea upande mmoja rekebisha balansi au sogeza spika sentimita kumi kumi, ikisambaa tu bila mahali rudia jaribio la betri. Ikishasimama, weka vipande vya selotepu sakafuni kwenye pembe za spika, piga picha nyuma ya amplifaya waya zote zikionekana, umtumie na mwenye nyumba, kwa sababu kuna siku kabati litasogezwa na wewe hutakuwepo. Ya mjomba ninayo mpaka leo kwenye simu, na Desemba alipopaka rangi ukuta alinipigia nimtumie tena.